Fedha na Utulivu wa Nyumba

 

Mavuno yamekwisha kuingia, karanga na alizeti zimeuzwa, na minadani watu ni wengi kuliko ng'ombe. Huu ndio wakati ambao fedha hupita mikononi mwa watu wa Mpwapwa. Nao ndio wakati ambao sisi tunaozungukia nyumba za Wakristo huitwa usiku kwenda kupatanisha mume na mke. Mwezi wa Februari, chakula cha zamani kinapokwisha na kipya hakijakomaa, ni mara chache kuitwa kwa ajili ya ugomvi. Huitwa kwa ajili ya wagonjwa. Jambo hili limetufikirisha sana, maana mtu angedhani lingekuwa kinyume, yaani shibe ilete amani na njaa ilete ugomvi. Basi tumeona vema kuandika habari za fedha katika nyumba zetu, kama kweli humpa mtu utulivu wa moyo, ama haimpi.

Wako wasemao, Fedha si kitu. Wako na wasemao, Fedha ndiyo kila kitu. Neno la kwanza tumelisikia zaidi vinywani mwa watu walioshiba, nalo hunenwa sana harusini, na mtu aliyevaa viatu vizuri. Neno la pili huletwa na vijana watokao Dodoma mjini, ambako tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba yahamia huko, viwanja vimetafutwa sana, na mtu aliyekuwa akilima uwele huweza kuuza shamba akaamka na gari mlangoni. Mjane mmoja wa kanisa letu, tulipomkuta akipukuchua mahindi, alilisikia lile neno la kwanza kwa mtu tuliyefuatana naye, akacheka, akasema, "Yeye asemaye fedha si kitu na aniachie ya kwake, nami nitamwombea. Ada ya shule waliiondoa mwaka 2016, lakini sare ya mtoto hawakuiondoa, wala daftari, wala mchango wa chakula cha mchana." Mwenzetu akanyamaza, nasi tukanyamaza pamoja naye, tukamsaidia kupukuchua.

Mjane huyu ana ushahidi mkubwa upande wake, wala hautoki mbali. Katika wilaya ya Chamwino, jirani zetu, na katika Bagamoyo na Kibaha, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2010 kuwagawia watu wa nyumba maskini fedha kidogo kidogo kila baada ya miezi miwili. Vilichaguliwa vijiji 80. Nusu yake vikaanza, nusu vikangoja, ili wapimaji wapate kulinganisha hivi na vile. Sharti lilikuwa watoto waende shule, na wadogo na wazee waende zahanati. Siku zile wengi walinena kwamba maskini akipewa fedha ataipeleka kilabuni. Walakini wapimaji waliporudi walikuta mbuzi na kuku wameongezeka katika nyumba zilizopewa. Walikuta watu wamejiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, hata mtoto akiugua hutibiwa kwa kadi wala si kwa kuuza mbuzi. Tena walikuta watoto wamenunuliwa viatu.

Juu ya viatu tuna neno. Mtu wa mjini asomapo habari hizi huipita upesi. Lakini sisi tuliokwenda shule pekupeku, juu ya miiba ya migunga, na mguu uliochomwa Jumatatu ukavimba hata Ijumaa, twajua kwamba kiatu cha mtoto ni siku nyingi za shule, ni usiku wa mama alalao bila kukanda mguu kwa maji ya moto. Fedha iliyonunua kiatu kile ilinunua na utulivu pia, wala asitokee mtu akatuambia haikununua. Mpango ule baadaye ulienezwa nchi nzima, na katika vijiji vyetu wako mama wanaoitwa majina yao siku ya malipo.

Basi, penye upungufu fedha huleta utulivu. Hilo twaliacha hapo, limekwisha. Lakini swali la ugomvi wa wakati wa mavuno halijajibiwa bado, nalo ndilo lililotusumbua.

Tumepata msaada katika habari za Rarieda, huko Kenya ya magharibi, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2011 na 2012 shirika liitwalo GiveDirectly liligawa fedha huko kwa njia ya simu, kwa watu wakaao katika nyumba za paa la nyasi. Hawakupewa wote. Kura ilipigwa, nyumba hii ikapata na ile ya jirani ikakosa, ingawa zote mbili zilikuwa za nyasi. Wengine walipata shilingi za Kenya 25,200, wengine wakaongezewa hata zikafika 95,200. Wataalamu wawili, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, wakawafuata watu hao na maswali yao. Waliopewa walikuwa wakila vema kuliko kwanza, mifugo yao imeongezeka, nao walisema wamefurahi na kuridhika zaidi. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Tena wengi waliondoa nyasi wakaezeka bati.

Lakini wataalamu hao, pamoja na mwenzao James Reisinger, hawakuishia kwa waliopata. Walitazama na waliokosa. Wakaona ya kwamba mali ya majirani ilipoongezeka, mtu alipoulizwa kama ameridhika na maisha yake, alijibu kuwa ameridhika kidogo kuliko kwanza, hasa yule ambaye hakupewa kitu. Na upungufu huo ulikuwa mkubwa kuliko nyongeza ya kuridhika iliyoletwa na fedha yenyewe. Habari hizo walizitoa mwaka 2015. Tufikiri, wasomaji. Mtu huyu hakuibiwa. Kuku zake ni zile zile, shamba lake ni lile lile, na paa lake lavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Ila sasa afunguapo mlango asubuhi, jua la mashariki lapiga bati la jirani na kumrudia machoni. Wataalamu waliona pia kwamba mambo haya hufifia kadiri siku zipitavyo, furaha ya mwenye kupata ikazoeleka. Hata bati huingia kutu.

Kuna na kipimo kingine ambacho walimu wa shule wamekisoma. Katika Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2017, nchi zilizopangwa zilikuwa 155, na Tanzania ikawekwa ya 153. Mwalimu mmoja alituletea habari hii kwa hasira, akasema, "Sisi tunaocheka hata msibani, twawekwa mkiani?" Tukamwomba atueleze watu waliulizwa nini. Kumbe huambiwa wafikiri ngazi yenye vipandio tangu sifuri hata kumi, juu kabisa yapo maisha bora kuliko yote awezayo kuyapata, chini kabisa yapo mabaya kuliko yote. Kisha mtu ataje amesimama kipandio gani. Cheo kile hakikutokana na kuulizwa kama jana ulicheka. Mtu aulizwaye habari ya ngazi hana budi kuinua macho kutazama vilivyo juu yake, na siku hizi hata mchunga mbuzi wa Chunyu ana simu imwonyeshayo nyumba za watu wa Dar es Salaam na Dubai. Hatusemi kipimo ni cha uongo. Twasema kimepima shingo iliyoinuliwa.

Wazee wa Ugogo walikuwa na njia yao ya kujikinga na macho ya jirani, ijapokuwa hawakuianzisha kwa ajili hiyo. Mali yao ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe hafichiki. Walakini mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa, wawili kwa shemeji, watano kwa rafiki aliye mbali, wengine kwa mjomba. Yule aliyepewa akawachunga na kunywa maziwa, na ng'ombe wakabaki wa mwenyewe. Walifanya hivyo kwa kuogopa ukame na maradhi, kama sotoka iliyofagia mifugo ya nchi hizi katika miaka ya 1890. Likifa zizi moja, jingine husalia. Lakini pia haikuwezekana mtu kusimama mlangoni pa mwenzake akaihesabu mali yake. Zizi dogo huenda lilikuwa la tajiri, na zizi kubwa huenda limejaa ng'ombe wa watu.

Kisha ikaja fedha ya kuhesabika. Kodi ya nyumba ya Wadachi, iliyoamriwa mwaka 1897, ilimlazimu mwenye tembe kutafuta rupia. Ikafuata shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, na shilingi yetu ya Tanzania mwaka 1966. Tena mwaka 1947 Waingereza walianza lile shamba kubwa la karanga huko Kongwa, iliyokuwa wilaya moja na Mpwapwa siku zile. Watu maelfu waliandikwa kazi, mishahara ikaja upesi, nayo ikaondoka upesi, maana mpango ulivunjwa mwaka 1951, na pauni kama milioni 36 zikapotea. Udongo wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama tofali lililochomwa, na mvua haikutosha, jambo ambalo mama yeyote mwenye jembe angaliwaambia pasipo malipo. Karanga zilizouzwa mwaka huu zimelimwa na mama wa namna hiyo hiyo.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mali huonekana, bali deni halionekani. Tuwaletee mfano wa nyumba mbili tunazozijua, zilizo jirani, nao wametupa ruhusa kueleza mradi tusiwataje.

Nyumba ya kwanza ni ya mwalimu wa shule ya msingi. Ina bati la rangi, madirisha ya vioo, luninga, na pikipiki kibarazani. Nyumba ya pili ni ya mkulima. Ni ya matofali mabichi, bati lake ni la zamani lenye viraka, na nyuma yake lipo zizi la ng'ombe saba na ghala. Wake zao huchota maji bomba moja. Tuliitwa kwa mkulima kwanza, usiku, kwa kuwa alimpiga mkewe maneno makali na mkewe akafunga mzigo wake. Chanzo kilikuwa ni nini? Mke alisema, "Tazama wenzetu." Neno hilo tu.

Kesho yake tulikaa na yule mkulima tukamwomba atuhesabie mapato ya mwaka. Akasema, "Mwalimu, sisi mapato hatuna, twauza karanga mara moja tu, basi." Tukachukua kalamu. Tukaandika karanga. Kisha tukaandika magunia ya mahindi yaliyo ghalani, na mtama, na maziwa ya ng'ombe wawili wakamwao, na kuku walioliwa, na mayai, na mlenda ambao mkewe hajaununua hata siku moja tangu waoane. Akakataa, akasema, "Hicho ni chakula, si mapato." Lakini watu wa takwimu za serikali, wanapopima hali ya nyumba, hukihesabu chakula ambacho mtu amejilimia kana kwamba amekinunua, wasipofanya hivyo, nusu ya nchi ingeonekana haili. Mwaka 2017/18 walipopima Tanzania Bara, walisema mtu mzima ahitaji shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mahitaji ya lazima, na katika kila watu 100, kama 26 walikuwa chini ya hapo. Mkulima wetu tulipomaliza alikuwa juu ya mstari ule. Alitazama karatasi muda mrefu, akauliza, "Na hii yote niliila mimi?"

Tusimpambe mno. Mwaka ambao mvua imekatika mwezi wa Januari, nyumba ile haina mstari wa kusimama juu yake. Mtoto wake alipohitaji kupasuliwa tumbo, ng'ombe wawili walikwenda kwa juma moja, nao waliuzwa kwa bei ya mtu mwenye haraka, ambayo kila mnunuzi mnadani huinusa kutoka mbali. Mwalimu wa shule hajui hofu ya namna ile. Mvua inyeshe, isinyeshe, mshahara wake hufika.

Mshahara hufika, lakini ukiwa umekwisha kukatwa. Bati la rangi lilitokana na mkopo wa benki ambao ulikuwa haujafika hata nusu. Pikipiki ilitokana na chama cha kuweka na kukopa cha watumishi. Kanuni yataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake, naye mwalimu alikuwa amesimama pale pale penye theluthi, kama mtu aliyesimama ukingoni mwa korongo. Kwa theluthi hiyo alinunua unga, mafuta, mboga, mkaa, maziwa, hata mlenda. Mkewe, alipoona haitoshi, alikwenda kwa siri kwa wale wakopeshaji ambao watu huiita mikopo yao "kausha damu." Jina hilo halikutungwa na adui zao, lilitungwa na wateja. Kila juma alipe, na akikosa, waje wachukue sufuria na luninga mchana kweupe. Mume hakujua. Alikuja kujua siku ambayo vijana wawili walisimama kibarazani wakiitazama luninga kwa macho ya wenye mali. Nasi tukaitwa tena, nyumba ya pili.

Yule mama wa mwalimu alituambia jambo tusiloweza kulisahau. Alisema kwamba kila jioni, akisikia jirani yake akitwanga, moyo humwuma, kwa kuwa mtwangaji yule hatwangi cha duka. Na huku mtwangaji, akiinua mchi, huliona bati la rangi. Waswahili wamesema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walakini hawa wawili walikuwa wakiamkiana bombani kila siku, wala hakuna aliyemfungulia mwenzake.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa habari ya Februari. Wakati wa njaa hakuna siri nyumbani. Mume na mke wote wawili wanaiona sakafu ya ghala, na mtoto anaiona. Hakuna haja ya kuuliza. Wakati wa mavuno mume hupakia magunia ya karanga katika gari la mnunuzi, karanga ambazo mke ndiye aliyepanda, akapalilia, akang'oa, akapukuchua hata kucha zikatoka. Naye mume hurudi jioni na fedha mfukoni, na kitenge kimoja, na harufu ya mnadani. Mke huuliza, "Umeuza kwa bei gani?" Maneno hayo machache ndiyo yanayotuamsha usiku. Tumekwenda nyumba ambazo fedha ilikuwa nyingi na nyumba ambazo fedha ilikuwa haba, tukakuta swali ni hilo moja, na jibu ni lile lile, "Mambo ya bei ya nini wewe?"

Kwa hiyo katika mafundisho ya akina mama tulinena juu ya nyumba kufunua hesabu yake, mume kwa mke na mke kwa mume. Mama mmoja, mtu mzima, mwimbaji wa kwaya, akasimama akasema, "Mwalimu, mimi ninayo fedha ambayo baba watoto haijui, wala sitamwambia. Mwaka juzi aliuza ng'ombe mwezi wa saba. Mwezi wa nane ng'ombe huyo alikuwa amekwisha kunyweka. Februari nilinunua mahindi kwa fedha yangu ya siri, naye alikula, akasema Mungu ametuona. Ningalimwonyesha mwezi wa saba, Februari tungalikula nini?" Wenzake wakapiga vigelegele. Haikuwa desturi katika mafundisho, lakini hatukuwakataza.

Neno lake ni zito, nasi hatuwezi kulipita kwa haraka. Siri ya mama yule si siri ya mke wa mwalimu, ijapokuwa zote mbili zimefungwa katika pindo la kanga. Ya kwanza ni ghala, ya pili ni shimo. Tena siri ya mume mwenye bei ya karanga mfukoni ni ya tatu, nayo ndiyo iliyozaa zile mbili. Hukumu yetu ni kwamba mafundisho ya kufunua hesabu na yaanzie kwa wanaume, tena mwezi wa sita, kabla magari ya wanunuzi hayajafika. Kumwambia mama afunue kwanza ni kumwambia avue nguo penye baridi wakati mwenzake amejifunika.

Wanaume wetu wangeweza kujifunza kwa vikoba vya wake zao. Namna hii ya kuweka akiba iliigwa kutoka kwa wanawake wa Niger, ambako shirika la CARE liliianza mwaka 1991, na leo ni vigumu kupata kijiji cha Mpwapwa kisicho na sanduku. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, mhesabuji akitaja, wengine wakiitikia. Anayedaiwa hutajwa akiwapo, na anayelipa hupigiwa makofi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivi vyatakiwa kuandikishwa, nacho ni kinga. Hatusemi havina hila. Wako wanaokopa katika kikoba hiki walipe kile, wakizunguka kama ng'ombe wa kupura. Lakini tumewahi kukaa kando ya mkutano wa namna ile, tukaona mama aliyelemewa na deni akitaja deni lake kwa sauti, wala hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja anajua zamu yake yaja. Alipoketi, uso wake ulikuwa umelegea.

Kwa jambo hili hata makanisa yatazame desturi zake. Kuna mahali ambapo sadaka ya mavuno husomwa mbele ya watu, jina na kiasi, tangu mkubwa hata mdogo. Tulikaa hapo siku moja tukaona mzee wa debe moja la mtama akijikunyata kadiri orodha ilivyomkaribia. Hesabu na isomwe jumla, wazee wa kanisa waikague, inatosha.

Nyumba zile mbili zaendeleaje? Mwalimu wa shule aliuza pikipiki, akalipa kausha damu yote, naye huenda shuleni kwa miguu, na watu wamesema mengi juu ya miguu yake. Mkewe amelima robo ekari ya karanga katika shamba la jirani yake wa bombani, ambaye hakutaka kodi, ila asaidiwe kuandika hesabu. Mkulima bado ataka bati la rangi. Twamwona akilitazama. Lakini safari hii mkewe alikwenda naye kuuza, wakaketi juu ya magunia katika gari lile lile.

Mwezi uliopita walitujia vijana wawili kwa mafundisho ya ndoa. Tukawauliza neno ambalo sasa twawauliza wote, kila mmoja ataje deni lake mbele ya mwenzake. Kijana alitazama chini, akataja mikopo miwili ya simu, na ng'ombe wawili wa mahari ambao amewaazima kwa mjomba wake huko Kibakwe. Binti akacheka kwanza, kisha akasema kwamba cherehani yake, ambayo kijana aliihesabu kuwa mali ya nyumba, ni ya kikoba mpaka mwezi wa tatu. Tukawapa karatasi na kalamu, wakakaa nje chini ya mkwaju mpaka jua likashuka. Waliporudi walituomba tarehe ya harusi isogezwe, mpaka alizeti ya mwakani iuzwe.

Wazazi wa binti wamekasirika sana. Turubai limekwisha kulipiwa, na kadi zimegawiwa hata Gulwe. Walikuja kwetu jioni wakataka tuwalazimishe vijana, nasi tukawajibu kwamba vijana wenyewe watakwenda kuwaeleza. Wameahidi kwenda Jumamosi, na ile karatasi mkononi.